Uzi wa Mwashi

Zihindula alikuwa ameng'oa milango yote minne
ya ile Karina nyeupe ya Mama Nshobole,
inayoshuka Kamanyola kila Jumanne kuleta mpunga,
akaiegemeza ukutani kama wageni wasiopewa viti.
Buti wazi, boneti juu ya pipa,
na mvua ya Bukavu ikigonga bati la karakana
kama mtu anayedai deni.

Mugisho, aliyeanza kazi mwezi uleule, ndiye aliyeuliza:
"Fundi, gari bila milango si litajikunja katikati?
Si milango ndiyo inayolishika?"
Fundi hakujibu. Huwa hajibu kwa mdomo
panapokuwa na jeki karibu.

Tukavuta uzi wa mwashi, ule wa buluu,
toka pembe ya juu ya nafasi ya mlango
hadi pembe ya chini, mshazari, kwa upande wa ndani.
Ukiupiga kidole, unalia.
Kisha jeki chini ya kizingiti, nyuma, kushoto.
Pampu, pampu. Gari likainua kisigino.
Uzi ukalegea upana wa ukucha.

Tukashusha. Tukarudisha milango, bawaba kwa bawaba,
tukaifunga hadi makomeo yakasema ka!
Jeki palepale. Pampu zilezile.
Uzi ukalegea upana wa ukucha.
Labda pungufu ya unywele. Siapi.

"Mlango unaning'inia," akasema Zihindula,
akifuta grisi kwa gazeti la mwaka juzi,
"na anayening'inia habebi mtu.
Raba laini, bawaba ina nafasi ya kupumua.
Wabebaji ni hawa." Akagonga nguzo,
akagonga kizingiti, akagonga paa,
na kioo cha mbele akakigusa kwa kidole kimoja, taratibu:
"Na huyu, kwa kuwa amegandishwa kwa gundi.
Mlango una siku yake, siku ya kugongwa ubavuni.
Siku nyingine zote unatoa habari tu."

Akatuambia tuufungue, gari likiwa bado juu ya jeki.
Uligoma. Tulivuta watu wawili, Mugisho akateleza
akakalia kopo la rangi.
"Ukikataa, msiutukane mlango.
Ulizeni mwili umepinda wapi."

Nilipanda Kadutu jioni, matope hadi kwenye magoti.
Nyumba ya mama imeshika mlima kwa kucha,
juu ya nyumba nyingine, chini ya nyumba nyingine.
Kila Novemba mlango wake unakwaruza saruji,
na kila Novemba natoa randa ya marehemu baba,
naparua ukingo wa chini, naparua ukingo wa pembeni,
mama anakusanya maranda kuwashia makaa
na kunisifu kwamba mwanawe ni fundi.
Miaka sita. Mlango umekuwa mfupi
hadi panya wanapita bila kuinama.

Usiku ule ulikwama tena, kwa juu safari hii.
Nilitoa randa kwenye sanduku.
Niliitazama. Nikairudisha.

"Hauoni unavyokwama?" mama akauliza.

"Naona. Njoo ushike hapa, mama,
pembeni, juu kidogo. Hapohapo."
Nikamkabidhi ncha ya uzi wa buluu,
nikapiga magoti na ncha ya pili,
mvua ikiongea nyuma ya ukuta.