Tiketi ya Piroska

Ghorofani, Szeged, ukishapita mkono wa nta
na saa iliyogoma siku alipozikwa mwenyewe,
ameketi Etelka, mwanasesere wa kaure,
jicho moja la bluu, la pili shimo.

Shingo hugeuka usiku, wageni huambiwa.
Wapo walioleta barua za kuomba radhi
kwa kumpiga picha bila hodi.

Piroska alifagia pale miaka thelathini na mmoja.
Kila jioni, kabla ya kuzima taa,
alimgeuza kichwa kwa vidole viwili,
leo dirishani, kesho mlangoni:
nani apendaye kutazama ukuta ule ule,
hata akiwa wa udongo?
Hakumwambia mtu. Mfagiaji haulizwi.

Alipostaafu, Etelka alitulia.
Watu wakadai fedha zao.
Mkurugenzi akaleta kasisi,
kisha fundi umeme.

Jumanne moja ya mvua
bibi mwenye koti la kijivu alilipa kiingilio kamili,
akakataa punguzo la wazee,
akapanda ngazi, goti likinung'unika.

Alishuka bila neno,
vumbi jeupe kidogo vidoleni.

Huko juu mtoto akapiga ukelele.