Chini ya Bawa la Korongo

Tulifika kabla lango halijafunguliwa,
vizazi vinne na kigari kimoja cha mtoto,
mimi nikiwa mchukuzi wa kofia, maji, nepi, tiketi,
na matonge ya wali ambayo mama mkwe aliyafunga kwa mwani
tangu saa kumi alfajiri, utadhani tunavuka jangwa.

Bibi Fumie, mama wa baba mkwe,
alikuja na miaka yake themanini na tisa
na viatu vipya, vyeupe pe.
Alivinunua mwenyewe. Hakumwuliza mtu.

Rokuta alilia kwenye vikombe vya kuzunguka
akalia zaidi viliposimama.
Baba mkwe aliishika ramani juu chini;
tukiitafuta ngome, akatufikisha chooni mara tatu.
Mume wangu alilipa yeni mia nane
kwa aiskrimu iliyodumu hatua kumi na moja.
Nilizihesabu.
Jua la mwezi wa nane lilitukalia utosini
kama mgeni asiyeaga.

Ila Nagi hakuona vikombe wala ngome.
Miaka miwili amekuwa akijipima kwenye mwimo wa mlango wa jikoni,
penseli juu ya penseli,
kwa ajili ya treni moja tu, ile inayopanda
mpaka watu wanakuwa punje, kisha inaanguka.
Langoni pake yupo korongo wa mbao
aliyenyoosha bawa, sentimita mia moja na arobaini:
asiyenigusa asipande.

Nagi akasimama. Nywele zikagusa.
Akazibana kwa viganja, ili pasiwe na hila,
na kichwa chenyewe kikagusa.
"Nani atapanda naye?" akauliza kijana wa lango.
Baba mkwe akakumbuka mgongo wake.
Mama mkwe akakumbuka presha.
Mume wangu akakumbuka simu.
Mimi nilikuwa na mtoto kifuani, nikashukuru kimoyomoyo.

"Mimi," akasema Bibi Fumie,
kama mtu anayejitolea kwenda kununua chumvi.

Akaingia chini ya bawa.
Kati ya mvi zake na ule ubao
palibaki mwanga. Yai lingepita.
Kijana akaiva uso, akavua kofia, akainama,
"Samahani sana, mama,"
akainama tena, chini zaidi,
mpaka naye akawa mfupi kuliko bawa.

"Mwaka niliooleka," akasema Bibi,
"nilikuwa mia na hamsini na mbili."
Hakulalamika. Alikuwa akitoa taarifa,
kama anayetaja kitu alichokisahau ndani ya basi.

Sijui sentimita zile zilikwenda wapi.
Niliwaza mistari ya chai kule mteremkoni,
miaka arobaini kiuno kimekunjwa juu ya majani;
niliwaza sinki letu, lililojengwa chini mno;
niliwaza wanangu, na mara zote
alizowainamia nikiwa nimelala.

Nagi aliitazama treni. Akamtazama Bibi.
Akaenda. Mtoto ni mtoto.
Akakaa pembeni mwa mzee mmoja aliyevaa miwani ya kuogelea.

Bibi naye akamshika Rokuta mkono,
akarudi naye kwenye vikombe,
akaukamata usukani wa katikati kwa vidole vya mchuma chai
na kuuzungusha, akauzungusha,
hata mama mkwe akapiga kelele, "Mama! Mama!"
na Rokuta, kwa mara ya kwanza siku hiyo,
akasahau kulia.

Jioni garini walilala wote, waliokwenda shoti na waliobebwa.
Kwenye kioo niliona viatu vyeupe, sasa vya kijivu,
vikining'inia sambamba na ndala za Rokuta.
Hakuna vilivyogusa sakafu.

Nilidhani naye amelala. Kumbe.
"Nagi. Kule juu, uliuona mlima ukitoa moshi?"
Kimya. Kisha sauti ndogo:
"Nilifumba macho, Bibi. Mwanzo mpaka mwisho."

Taa za barabara zilipita, moja, nyingine.
"Mimi," akasema,
"ningeyafumbua."