Vitabu Mia Tatu Bila P

Vitabu mia tatu vya risiti
vilirudi Jumatatu kwa mkokoteni,
na nyuma yake Bi Swabra wa mabati, Kongowea,
buibui limeshika vumbi la saruji:
"Athmani, umenichapia RECEIT.
Wateja wangu makontrakta, si watoto wa chekechea.
P yangu iko wapi?"

Nikamwambia, mama, hiyo P haisemi.
Soma kwa sauti, hutaisikia.
"Hata mume wangu hasemi," akajibu,
"lakini ukimtoa nyumbani nitajua."

Mzee Taibali akanikata elfu nne.
Usiku, Majengo, feni ikilalama,
nikafungua kamusi nene isiyo jalada
nimjue mwenye P
hata inile mshahara.

Kumbe zamani Waingereza wenyewe hawakuwa nayo.
Waliandika kama mimi.
Kisha wakaja wasomi, wamelewa Kilatini,
wakaona neno limeingia mjini halina babu;
wakamfukua babu, *recepta*,
wakamng'oa jino moja, wakalipachika kwa mjukuu.
Hajalitafunia mpaka leo.

DEBT vilevile. B imekaa ndani ya deni
kama mdhamini aliyetia sahihi
asionekane tena mtaani.

Lakini K ya KNIFE, hiyo niliistahi.
Hiyo ilifanya kazi. Ilitamkwa,
ikagonga kama kisu kwenye mfupa,
hadi ndimi zikachoka nayo.
Sasa imesimama mlangoni na sare yake,
bawabu wa benki iliyofungwa.

Na GHOST! H yake, yasemekana,
iliwekwa na wapanga herufi,
watu wa kazi yangu, vidole vyeusi kama hivi,
waliozoea kuiandika hivyo ng'ambo, Flanda.
Mazoea ya mkono, basi. Leo ni sheria.
Wao nani aliwakata elfu nne?

ISLAND ikanimalizia usingizi.
S ile si ya ukoo hata kidogo.
Neno lilikuwa na wazazi wake, hai, wa kaskazini;
wakalidhania mjukuu wa *insula*,
wakalivisha kanzu ya watu.
Nami nimelala kisiwani, maji pande zote,
chini ya herufi ya kusingiziwa.

Asubuhi nikamsimulia Mbeyu anayeshona vitabu.
Nikajigamba: Kiswahili chetu, kila herufi
yala jasho lake. Hakuna anayekaa bure.

Mbeyu akakata uzi kwa meno.
"Kukaa, ati. Kwetu Kaloleni ni kukala.
Nyinyi mvua, sisi mvula.
L yenu mliipeleka wapi?"

Nikatamka polepole. Kuka. A.
Kweli, ulimi hapo unaruka kitu,
kama mguu ukijua kipandio kilichooza
gizani, kwenye ngazi za nyumbani.
Wale wafu wao huwawekea kiti mezani.
Sisi tulizika, tukasawazisha mchanga,
hatukuweka hata jiwe.

Nikashika kibano, nikairudisha P mahali pake.
Mashine ikaguna. Mbeyu akanuna, au alicheka,
sikumtazama.
Risiti ya kwanza, wino haujakauka,
nilijiandikia mwenyewe:

Imepokewa kutoka kwa Athmani
shilingi elfu nne kamili,
malipo ya herufi moja.