Nusu ya Kadi

Ilinijia dukani, hapa Malindi, ni kadi,
Kaitia mfukoni, nikaona nafaidi,
Jokofu, zulia, feni, na arusi ya Hamadi,
Sikujua ni madeni, yanayozaa zaidi.

Kuipitisha kwatosha, hapo hutokea cheti,
Wala haikunichosha, sikuzihesabu noti,
Za mfukoni hukwisha, hizi hazina tamati,
Keshia hukaribisha: "Fundi Shekuwe, uketi."

Barua zijazo mbio, mvunguni mwa mashine,
Kwa simu husema, "Sio, umepiga kwa mwengine,"
Nikilipa kumi leo, riba imekula nane.
Usiku, bila kilio, Mwanaesha: "Tuzione."

Zote zikatandazika, akahesabu kwa chaki,
Laki tatu zikafika, na wala hakuhamaki.
Kulipokucha, haraka, hadi mlango wa benki,
Kazungu akatamka: "Ajaye hatushitaki."

Riba akaipunguza, miezi ni thelathini,
Jokofu nikaliuza, kwa jirani wa Barani,
Sare nikazimaliza, za watoto wa Maweni,
Ulimi ukaliweza, neno "sina" hadharani.

Simu ikaja na wito: "Kopa sasa, utapewa!"
Kidole kikawa moto, kikaanza kunogewa,
Mwanaesha, si mzito, simu akaichukuwa,
Akaifunika mto, wito haukusikiwa.

Ya mwisho nimeipata, risiti, mchana juzi,
Ile kadi nikakata, kwa mkasi wa mavazi.
Feni bado yakokota, jasho halina mwokozi;
Nusu nimeiokota, naizungushia uzi.