Siku Mbili za Wizi

Semina ilikuwa Dar, siku tano
za kiyoyozi na chai ya saa nne.
Ijumaa nikatia sahihi mapema,
nikaiba siku mbili, nikapanda ndege ya kusini
na furushi la mama yako magotini.

Mtwara. Mlango ulipofunguka
jua lilinishika kwa mikono miwili
kama shangazi aliyechoka kungoja.
Kwetu Kisii mvua hupiga hodi saa tisa,
hata harusi tunazipanga kwa kuiogopa.
"Hapa ilinyesha Mei," ulisema,
kama mtu anayemkumbuka mgeni.

Ulikuwa umesimama nje, Nyaboke,
kitenge kiunoni, ndala miguuni:
"Pole na safari, shosti."
Shosti! Wewe uliyekuwa ukinifokea Kiekegusii
bweni zima likaamka.

Dukani nikasema, "Nipe maji."
Muuzaji akanitazama, kisha akakutazama wewe.
Ukasema taratibu,
"Tunaomba maji, kaka, kama yapo."
Nayo yalikuwapo, friji tele,
yanaonekana hata barabarani.
Hapo nikajua umekaa.
Huchukua miaka kujifunza
kuomba kilicho mbele ya macho.

Jumamosi ulinipitisha ghalani,
dakika kumi, uliapa, ikawa saa nzima.
Unachota korosho guniani, unapasua mojamoja,
nyeupe huku, zenye doa kule,
unahesabu, unaandika,
na mkulima mlangoni ameshika kofia
anasoma uso wako badala ya karatasi.
Nilipokuuliza, "Una raha lakini?"
ulinitazama kwa jicho lilelile la kisu.
Hukuandika kitu.

Mchana Bi Somoe, jirani, akaleta sufuria ya ming'oko,
ya moto bado, chumvi na pilipili.
"Menya kwa meno," akanionyesha.
Mimi nikala na ganda lake.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
Kisha akaita, "Nyaboke!"
nawe hukugeuka.
Akaja mtoto wa miaka miwili,
shanga kiunoni, kamasi, bila haraka,
mtoto wa Kimakonde mwenye jina la bibi yako.
"Huyu alizaliwa saa nane usiku," Bi Somoe akasema.
"Gari alilitafuta nani?"
Akakunyooshea kidole chenye pilipili.

Swali la mama yako nilikuwa nalo tayari,
nimelifanyia mazoezi toka Nairobi.
Nikalitafuna pamoja na ming'oko.

Tukaenda Shangani jua likiwa kali bado.
Maji yalikuwa yamekwenda zao,
tukatembea, tukatembea,
tukakuta dimbwi lenye joto la uji
tukajilaza humo kama viboko wawili wenye mishahara,
tukiwasengenya tuliosoma nao,
nani kaoa, nani kanenepa, nani kakosa vyote viwili.
Sikumbuki tulichokicheka sana.
Nakumbuka maji yalinipanda puani.

Usiku ulifungua furushi.
Chinsaga iliyokaushwa,
na mbegu zake zimefungwa kwenye pindo la leso kuukuu.
Ulinusa leso kwanza. Muda mrefu.
Halafu ukatafuta kopo la rangi,
ukalitoboa kwa msumari,
ukaniambia nishike tochi.
"Mchanga huu hautaipenda," nilisema.
"Na mimi haukunipenda," ulijibu,
ukachanganya majivu ya jiko.

Jumapili uwanjani hukulia, nami sikulia.
Ulinipa korosho kilo mbili,
ukasema, "Hizi nimezipasua sampuli mwenyewe."

Mama yako alikuwa amekaa barazani, mvua imeanza.
"Alikula?"
"Alikula."
"Mbegu?"
"Kazipanda usiku huohuo."
Akanyamaza, akitazama maji yakishuka mabatini.
"Zimekwenda kuota huko, basi."
Sikujua kama ni swali.
"Na hilo jua lao, likoje?"

Nikavua viatu, nikavua soksi,
nikamwekea miguu mapajani:
mistari miwili, myembamba, kila unyayo,
mahali ndala zako zilipolizuia.
Aliifuata kwa kidole gumba
kwenda na kurudi.

Mvua ilikatika. Hatukuondoka.