Sikio la Kushoto

Nilichora fremu kwa mizani,
kulia kama kushoto, juu kama chini,
nikaipenda kama mtu apendavyo mwandiko wake.
Ndani yake karatasi nne, nyembamba kuliko ukucha:
ya kuakisi, ya kutawanya, na mbili za miche,
miche ya nuru, si ile ya mpunga
inayoota ng'ambo ya ukuta wa kiwanda.
Hizo mbili zimefanana kama shilingi kwa ya pili,
ila moja mistari yake imelala,
nyingine mistari yake imesimama.

Usiku, Tainan, katika chumba kisichojua vumbi,
Bi Yueh-o anazipanga kwa kibano,
sekunde kumi na moja kila karatasi,
macho tu ndiyo yanayoonekana juu ya barakoa.
Jina lake lina mwezi ndani.
Ukiigeuza karatasi, inaingia.
Ukitanguliza ya nne kabla ya tatu, inaingia.
Fremu yangu ilikuwa mwenyeji asiyemuuliza mgeni jina.

Kioo kinawaka, kinafungwa, kinasafiri.
Wiki tatu baadaye mnunuzi anaona wingu pembeni,
doa la giza lisilofutika kwa kitambaa.
Mwezi wa tano vilirudi arobaini.
Mwezi wa sita, sitini na viwili.
Msimamizi Kuo akashika kalamu nyekundu,
akaandika ubaoni: Lai Yueh-o. Uzembe.
Chini yake, kiasi kilichokatwa.

Mimi nilikuwa ghorofa ya tatu na chai yangu ya maziwa.
Nikasema, wamfundishe tena.
Akafundishwa tena. Akatia sahihi.
Mwezi wa saba, hamsini na tisa.

Ndipo nikashuka, nikavaa lile vazi jeupe,
nikaomba kiti chake kwa zamu moja.
Akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni.
Saa ya kwanza sikukosea.
Saa ya pili nilijisifu.
Ilipogonga saa nane usiku, shingo imekuwa mti,
nikaigeuza karatasi ya tatu
na sikujua.
Yeye alijua. Hakusema neno,
alikohoa tu ndani ya barakoa.
Na fremu, mtoto wangu wa kuchora,
ikapokea, ikanyamaza.

Sikio halipiti kichwa, walisema waliosema.
Langu nikalipitisha:
ulimi wa milimita nne, nimeuita sikio,
unaotokeza nje ya ukingo wa karatasi,
si katikati. Kushoto. Kushoto zaidi kidogo.
Kila karatasi na pahali pake,
na kwenye fremu tundu moja linalongoja hilo tu.
Niliharibu mizani yangu kwa mkono wangu,
na mkono, nakiri, ulisitasita.
Sasa ukiigeuza, sikio linagonga ukuta,
karatasi inabinuka, inakataa kulala,
na kosa linaizunguka fremu nzima
likabisha, likapapasa,
likakosa pa kuingilia.

Nilimpelekea sampuli kama mtu apelekaye posa.
Akaijaribu mara saba, kinyume, makusudi.
Haikuingia.
"Pembe yake kali," akasema. "Inachana glavu."
Basi. Akarudi kazini.
Nami nikapanda ngazi, nikaizungushia ile pembe,
sehemu tatu za kumi ya milimita.

Mwezi wa kumi vilirudi viwili tu,
vyote vimepasuliwa na wachukuzi.
Kuo akafuta ubao kwa spiriti,
lakini wino ulikuwa umekaa mno.
Ukisimama kando, taa ikipiga kwa mshazari,
jina bado linasomeka,
wingu jekundu pembeni.
Yeye hupita hapo kila zamu, haangalii.
Mimi huangalia.
Hilo nalo liliingia bila kuulizwa,
na sijui nilikate sikio upande gani.