Kiti Bado

Barabara ya Nane, Ngamiani, mlango wa buluu uliochubuka:
pasipoti nne kwa elfu tatu, masikio yaonekane,
usicheke, serikali haicheki.
Mama anakata kwa mkasi wa ushonaji.
Baba anainua videvu kwa kidole kimoja
kama ajaribuye papai sokoni.

Mimi, mteja akishainuka,
kabla mto wa kiti haujapumua ukajaa tena,
napiga moja ya kwangu:
kitambaa cheupe, kiti kitupu,
umbo la mtu likififia kwenye sponji.

"Unamaliza betri," husema Baba.
"Nani atanunua picha ya kiti?"
Sina jibu. Nina viti mia mbili na kumi na sita
ndani ya flashi niliyoivaa shingoni.

Juzi, katikati ya vuli, akaja Bi Mwanamkasi wa Makorora
kuulizia sura ya marehemu mumewe, fundi redio;
alipiga hapa mwezi wa Ramadhani, picha ya bima.
Tumefuta. Kadi ni moja, kila mwezi tunafuta.
Mama akaushika mkasi bila kukata kitu.

Nikaitafuta tarehe.
Kiti. Upande wa kushoto umezama zaidi.
"Ndiye," akasema. "Nyonga ilimsumbua.
Hata kwenye mkeka alikaa upandeupande."

Akataka kubwa, ya ukutani.
Baba akapanda stuli, akashusha fremu juu ya kabati,
akaifuta vumbi kwa shati alilolivaa.
Bei hakuitaja.

Leo asubuhi mteja wa kwanza kainuka,
Baba kamzuia wa pili mlangoni kwa mkono:
"Subiri kidogo. Kiti bado."